Sakafu ya Paradesi

Kwenye sinagogi ya Paradesi, Kochi, India, viatu unaviacha mlangoni. Nilifurahi, maana sakafu ndiyo iliyonipeleka. Ni vigae vya China, vyeupe kwa buluu, vilivyochorwa kwa mkono. Nilichuchumaa nikalinganisha viwili vilivyopakana: mti uleule, ila kwenye kimoja tawi limepinda na wino umevuja kidogo.

Jengo ni la 1568, limepakana na ikulu ya raja, yaani mfalme wa huko, aliyewapa Wayahudi kiwanja. Wareno waliliharibu 1662. Waholanzi walipouteka mji, likakarabatiwa. Mnara wa saa ukaja 1760.

Taa za kioo zinazoning'inia darini, kwa macho yangu, zimezidi. Kilichonishangaza ni jukwaa la pili la kusomea Torati, huko ghorofani, mbele ya sehemu ya wanawake.