Siku moja kwenye bustani yetu ya mtoni, Korogocho, Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Imenyesha usiku kucha, na anayelala chini ya mabati kando ya Mto Nairobi mwezi wa Aprili hahitaji kengele ya kumwamsha. Kabla ya chai nateremka na tochi ya simu hadi kwenye nguzo ya zege tuliyoisimamisha ukingoni. Ina mistari mitatu ya rangi: mweupe, wa njano, mwekundu. Mwekundu uko sawa na kizingiti cha nyumba ya mwisho mtaani. Mwaka 2024 maji yaliupita huo mwekundu yakafunika nguzo yenyewe.

Leo yamegusa njano.

"Tuhame?" Shosho wa nyumba ya mwisho yuko mlangoni tayari, leso begani.

"Bado, shosho. Yakikaribia mwekundu nitakuja mwenyewe kukubebea godoro."

"Ulisema hivyo hivyo 2024."

Sina jibu. Naenda kunywa chai.

Saa moja. Tuko sita, gambuti miguuni na reki mikononi, tunazibua mdomo wa mtaro. Zinatoka chupa, ndala moja, nusu ya godoro, wigi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na kweli ikapungua. Chupa za soda hazikusikia tangazo. Ng'ambo ya mto ni jaa la Dandora, kwa hiyo hatuwezi kujidai kwamba tunasafisha mto. Tunachofanya ni kuyapa maji njia.

Saa tatu. Kazi ninayoipenda: kupanda mianzi. Hapa palikuwa jaa pia, dogo lisilo na jina. Tulipomaliza kuzoa taka tulikata ukingo ukawa ngazi mbili. Ya juu ina miche na viti. Ya chini ni nyasi tupu, watoto wanachezea mpira, na hiyo ndiyo tuliyomwachia mto. Mto uliobanwa kwa kuta hupita mbio ukambishie hodi jirani wa chini. Ukipata uwanja hutanuka, hupunguza kasi, hutua tope, na sehemu ya maji hunywewa na ardhi polepole. Mizizi ya mianzi nayo inasukana kama mkeka na kushika udongo. Mikaratusi hatupandi. Wakenya wengi wanamkumbuka marehemu John Michuki kwa mikanda ya usalama ya matatu. Mimi namkumbuka kwa kuagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji alipokuwa waziri wa mazingira, na kwa ile bustani ya mtoni karibu na mzunguko wa Globe, katikati ya jiji, inayoitwa kwa jina lake. Nilipoiona mara ya kwanza nilijiambia, kumbe mto huu huu wetu unaweza kukaliwa kando mtu akala chapati.

Saa sita na nusu. Amekuja mgeni anayetaka kutusaidia. Viatu safi, moyo mzuri, simsemi vibaya. Anataka kuweka kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, kote, chini hadi juu, "papendeze". Namwonyesha ndoo mbili za maji. Moja naimwaga kwenye nyasi, ya pili kwenye kipande cha zege langoni. Ile ya zege inafika kwenye viatu vyake kabla sijaiweka ndoo chini. Anacheka, anaruka pembeni, kisha anauliza kama tunaweza basi kuweka kabro nusu. Nimemwambia njia ya kiti cha magurudumu, ndiyo, na hapo tu. Sijui kama atarudi. Wenzangu wawili wamenikasirikia, na wana haki: viti vyetu vya kwanza vilisombwa na hatuna pesa ya vingine.

Saa nane. Nakagua mapipa yanayokinga maji ya paa la stoo. Matano yamejaa, la sita linavuja. Jirani zangu wananiona mwendawazimu, kukusanya maji wakati wa mafuriko, lakini Januari miche hii itakunywa nini? Bombani ni mgao. Mji unangoja maji ya bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, huku mvua inayotunyeshea vichwani tunaifukuza mtaroni kama mwizi. Na hili ni jiji lililopewa jina la maji baridi, kwa Kimaasai.

Saa kumi. Wingu linafunga upande wa magharibi. Kiangazi mto huu ni mweusi kama oili ya gereji. Sasa umegeuka chai ya maziwa, ndio udongo wa kule juu, Kikuyu na Kawangware, huo unapita. Tunawatoa watoto uwanjani. Maji yanapanda kwenye nyasi bila kelele, kwanza kama kioo kati ya magoli, halafu magoli yenyewe yanasimama majini. Hakuna anayeongea. Yamepita njano. Nabeba godoro la shosho, nalipandisha juu ya meza yake, naye ananitazama tu.

Saa mbili usiku. Kiganja kimoja chini ya mwekundu, yamesimama.

Saa nne. Yameshuka vidole viwili. Shosho amekataa kuteremsha godoro. Analala kwenye kiti. Nyasi bado ziko chini ya maji, yakitoka yataacha tope la kufika kwenye kifundo, na kesho asubuhi watoto watataka uwanja wao, kwa hiyo nimeazima makoleo mawili kwa fundi wa jirani kabla hajalala.