Bazaa ya Parokia, Hamamatsu

Jumapili moja ya Novemba 2016, parokia moja ya Kikatoliki mjini Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, ilifanya bazaa yake ya kila mwaka. Mapato yalipangwa yawaendee walioathirika na tetemeko la Kumamoto la Aprili mwaka huohuo. Nilikuwa nafundisha Kiingereza mjini humo, nikapangiwa banda la yakisoba, yaani tambi za kukaanga, asubuhi na michezo ya watoto mchana.

Hamamatsu ni mji wa viwanda. Suzuki ya magari na pikipiki ina makao yake makuu pale, na Yamaha ya piano vilevile. Tangu sheria ya uhamiaji ilipobadilishwa mwaka 1990, Wabrazili wenye asili ya Kijapani walihamia kwa wingi, wakafuatwa na Waperu, Wafilipino na Wavietnamu. Kwa hiyo uani mwa kanisa palikuwa na nyama choma ya Kibrazili, lumpia za Kifilipino (vitafunio vya kukunjwa na kukaangwa) na yakisoba ya wenyeji. Wakristo Japani ni kama asilimia 1 tu ya watu wote, na wengi waliopita getini siku ile walikuwa majirani wasiosali pale. Kwao, bazaa ndiyo siku ya kuingia kanisani bila kualikwa.

Kazi ilianza na upepo. Ukanda ule hupigwa na upepo mkavu wa magharibi kuanzia mwisho wa vuli, nao hubeba hema tupu bila shida. Kila mguu wa hema ulifungwa dumu la maji la lita 20, na upande wa magharibi ukashushwa turubai ili miali ya gesi isiyumbe. Mwali ukiyumba, nusu ya bamba la chuma la kukaangia hupoa, na chakula huiva upande mmoja. Mtungi wa gesi ulisimamishwa wima mbali na moto, maungio ya mpira yakapakwa maji ya sabuni: povu likichemka, gesi inavuja. Kizimamoto kiliwekwa mahali pa kufikiwa kwa mkono. Hilo ni sharti la kisheria tangu Agosti 2014, baada ya petroli ya jenereta kulipuka kwenye tamasha la fataki la Fukuchiyama mwaka 2013 na kuua watu 3.

Idara ya afya ilikuwa imepewa taarifa mapema. Masharti hutofautiana kati ya mji na mji, lakini msingi ni uleule: hakuna kibichi, kila kitu kipitie motoni kabla tu ya kumfikia mlaji, na kukatakata kufanyike jikoni ndani, si chini ya hema. Kwa hiyo kina mama wa parokia walikwisha kukata kabichi alfajiri na kuigawa katika mifuko, kila mfuko wa mkupuo mmoja.

Mkupuo mmoja ulikuwa sahani 10: tambi za mvuke vifungu 10 vya gramu 150, kabichi moja ya kilo moja na kidogo, nyama ya nguruwe nusu kilo, karoti mbili, chipukizi za maharage mifuko miwili na sosi mililita 400. Tambi zikitoka moja kwa moja kwenye sanduku la barafu hukatika ukizichambua, kwa hiyo vifungu vilipangwa kando ya bamba vipate joto kwanza. Nyama hutangulia mpaka iive, husogezwa pembeni, zinafuata karoti na kabichi, kisha tambi na maji kiasi cha mililita 300. Miiko miwili ya chuma huinua tambi kutoka chini; ukizikandamiza zinakuwa uji.

Saa ya foleni ndefu ndiyo saa ya hatari. Mtu hutamani kupika sahani 20 kwa pamoja. Bamba hupoa, kabichi hutoa maji, tambi huchemka badala ya kukaangika, na foleni inazidi kurefuka. Bibi aliyesimamia banda hakukubali hata mara moja, na alikuwa sahihi kabisa. Kwenye sosi naye alikuwa mkali: “Sensei (mwalimu), bado. Maji yaishe.” Sosi ile ina sukari, ikigusa bamba mapema inaungua, na uchungu wake unaingia katika mkupuo unaofuata. Chipukizi huingia mwishoni kabisa, pamoja na sosi. Juu yake mwani wa kijani uliosagwa na tangawizi nyekundu ya siki, halafu kifuniko, rababendi, vijiti. Bango lilitaja ngano na nguruwe waziwazi, maana wafanyakazi Waindonesia Waislamu nao walikuja, wakaelekezwa kwenye banda la viazi.

Hakuna aliyepika akishika pesa. Tiketi ziliuzwa getini, na jioni vipande vilihesabiwa kulinganishwa na fedha. Kwetu, mnadani baada ya Misa, jogoo mmoja anaweza kupandishwa bei mpaka ashangaze. Kule bei hubandikwa, na ukarimu huonekana katika saa za kazi.

Kwenye bwawa la maputo, kila puto dogo lina maji kidogo, hewa na kitanzi cha mpira. Mtoto huvua kwa kindoano kilichofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa. Karatasi ikilowa, hukatika. Vitanzi lazima vielee juu, la sivyo wadogo wote hushindwa. Sharti lililoongezwa lilikuwa kutaja rangi kwa Kiingereza kabla ya kupewa kindoano. Wakati huo Kiingereza kilikuwa shughuli ya darasa la tano na la sita, bado hakijawa somo lenye alama. Watoto wanaonyamaza darasani wakiogopa kukosea mbele ya wenzao, pale walisema “Blue, please” kwa sauti, kwa sababu puto la buluu walilitaka kweli. Kadi yenye picha za rangi ilitosha. Sentensi ndefu zingesimamisha mchezo.

Takataka zilikuwa na msimamizi muda wote: za kuchomwa, plastiki, makopo, na chupa zilizovuliwa kifuniko na lebo. Bila mtu pale, mifuko huchanganyika katika nusu saa na kuirudia kazi ni usiku mzima. Bamba lilikwanguliwa likiwa bado la moto, likamwagiwa maji, likafutwa na kupakwa mafuta lisipate kutu. Padri alitangaza jumla baada ya gharama kutolewa, na orodha ya matumizi ikabandikwa ubaoni Jumapili iliyofuata, hadi bei ya rababendi.