Damu haioti kitu, mgonjwa anazama

Jamani leo niandike hili maana linanikaa sana moyoni tangu nianze kazi ya unesi aisiyuu, wodi ya wagonjwa mahututi. Mgonjwa katoka oparesheni ya moyo, siku tatu nne anaendelea vizuri, mara presha inashuka, unampa dripu haipandi, mnaweka noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, laktati, kile kipimo cha damu kinachopanda mwili ukizidiwa, imevuka 2, hiyo ndo septiki shoki yenyewe, yaani maambukizi yameshusha presha mpaka viungo havipati damu ya kutosha. Kila mtu anawaza bakteria, kidonda cha kifuani, mpira wa kwenye mshipa wa shingo, mapafu, na ni sawa kabisa, antibayotiki zianze haraka maana kuchelewa kunaua. Lakini damu mmeotesha maabara kutafuta bakteria, haioti kitu, makohozi hayaoti kitu, mnabadilisha antibayotiki na bado anazama, hapo ndo naomba tukumbuke virusi!

Influenza inaweza kuleta hali hiyohiyo, korona nayo tuliiona. Halafu kuna wale wanaokaa mwilini kimya miaka na miaka, virusi vya herpesi na sitomegalo, mtu akishaumwa sana kinga ikashuka wanaamka. Kuotesha kwa kawaida hakuwaoni, wanataka PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi. Na dawa zao zipo, oseltamiviri ya influenza, asikloviri ya herpesi, gansikloviri ya sitomegalo, sasa kwa nini tunaongeza antibayotiki ya nne kabla hatujapima?

Na nyie ndugu mnaokuja kuona mgonjwa, ukiwa na mafua tafadhali baki nyumbani, piga simu, nitamshikia mwenyewe sikioni muongee.