Vile vidoti nilivyovifuta

Mwaka 2016 nilikua nyumbani Pangani, form four nishamaliza, nasubiri tu kupangiwa shule ya form five. Mjomba alikua konda wa basi la Pangani kwenda Tanga, akirudi usiku anakula alafu anatoka barazani kupunga upepo, na mimi nakaa nae. Ndo yeye alienionyesha nyota mbili nyekundu zimekaa jirani upande wa Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge. Ile moja ni moyo wa Nge wenyewe, Antares, na nyingine ni Mirihi, sayari kabisa.

Nikaanza kuichora kwenye daftari la hesabu lile la viboksi. Kipimo changu mkono: ukiunyoosha mbele, kidole cha mwisho kinaziba kama nyuzi moja ya anga na ngumi kama nyuzi 10, unapima toka Mirihi mpaka Antares, toka Mirihi mpaka nyota za kichwa cha Nge, unaweka kidoti na tarehe. Masika ilikua imeshika kwahiyo siku nyingine wiki nzima mawingu tu, lakini mwezi wa tano ukianza kuchanganya vidoti vyangu vikawa vinaonyesha kitu kimoja, Mirihi inaukimbia moyo inarudi nyuma kichwani.

Mjomba akaangalia daftari akasema, "Nyota hairudi nyuma mjomba, umekosea kuchora." Sikua na jibu.

Jibu nilikuja kulipata kwenye basi lake mwenyewe. Tulikua tunaenda Tanga tukalipita lori lililobeba mkonge, na mimi macho yangu hayakua kwenye lori, yalikua kule mbali kwenye mistari ya mashamba, nikaona lori linarudi nyuma kwenye ile mistari na wakati matairi yake yanaenda mbele kama sisi. Nikamshika mjomba mkono nikamwambia ndo hiyo, ndo hiyo! Dunia iko njia ya ndani, inakimbia zaidi, inazunguka jua kwa siku 365, Mirihi iko nje inatumia siku 687, sa tukiipita lazima tuione inarudi. Mjomba akacheka, akasema usiku atakuja kuhakikisha, na akaja kweli.

Watu waliteseka na jambo hili karne nyingi sana. Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa zamani kule Alexandria, aliiweka dunia katikati, ikabidi kila sayari aipe duara dogo linalozunguka juu ya duara kubwa ili irudi nyuma kwa wakati wake. Mtaalamu mwingine, Copernicus, mwaka 1543 akaweka jua katikati, kurudi nyuma kukaeleweka, lakini nae aliyang'ang'ania maduara kwahiyo mahesabu bado hayakukaa sawa.

Mwisho wa mwezi wa sita Mirihi ikasimama, mwezi wa saba ikaanza kwenda mbele tena, na mimi nikaenda boarding na daftari langu. Hapo ndo nilifanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Nilitegemea ipite palepale ilipopita mwezi wa tano, lakini vidoti vipya vinaangukia chini, upande wa kusini. Nikajua mkono wangu umechoka. Nikachukua raba nikafuta vitatu, nikavipandisha juu ya mstari wa zamani, ukurasa ukapendeza.

Siku chache baadae mwalimu wa fizikia akafika kwenye Kepler, yule mtaalamu aliegundua umbo la njia za sayari. Akatuambia kuhusu Tycho Brahe, aliepima sayari miaka kama 20 kwenye kisiwa cha Hven bila darubini, kwa macho na vyombo vikubwa vya kupimia, na Kepler aliemfuata Prague mwaka 1600 akapewa Mirihi aihangaikie. Tycho akafa mwaka uliofuata, vipimo vikabaki kwa Kepler. Akajenga duara lake vizuri sana, ila sehemu fulani likapishana na vipimo vya Tycho kwa dakika 8. Siyo dakika za saa, za nyuzi, nyuzi moja ina dakika 60, yani kama robo tu ya upana wa mwezi mpevu. Angeweza kusema Tycho alikosea. Hakusema. Alitupa duara, kazi ya miaka, akaanza upya mpaka akafika kwenye duaradufu, yani duara lililorefuka kama yai, jua likiwa pembeni kidogo ya katikati, sayari ikilikaribia inakimbia, ikiwa mbali inapunguza mwendo. Kitabu kikatoka mwaka 1609.

Mimi nimekaa dawati la nyuma na daftari limo begini.

Usiku baada ya prepo nikamfata mwalimu nikamwonyesha, nikamwambia na vile nilivyofuta. Hakunigombeza. Alichukua vitabu viwili akaviegemeza, kimoja kimelala na kingine kimeinuka kidogo, akasema njia ya Mirihi haijalala sawa na ya dunia, imeinama nyuzi 1.85, ndomana haipiti palepale. Vile vidoti vitatu ndo vilikua vinasema hivo.

Tarehe 24 mwezi wa nane nikasimama nyuma ya bweni. Mirihi ilikua katikati ya Antares na sayari ya Zohali, zimepangana zote tatu juu kabisa. Nikanyoosha mkono nikapima mara nne, nikaweka kidoti pale kilipoangukia, chini ya mstari, karibu na lile doa la raba.