Mama na 504

"Kitu gani, baba?" Binti yangu ananisogezea tableti. Kuna roboti anayejikuna kichwa, na chini yake maneno ya upole: samahani, kuna tatizo, jaribu tena baadaye. Anataka kujua ni tatizo gani. Mimi niko kwenye sufuria ya omena, namwambia angoje, lakini akili imeshakwenda Kondele, Kisumu, kwenye ile saiba, duka la intaneti nilikofanya kazi zamani, juu ya duka la viatu.

Yule mama alikuja kwa boda kutoka Dunga, beseni la samaki mapajani, kulipia maombi ya chuo ya kitinda mimba wake. Mwisho ulikuwa usiku huohuo. Nikajaza fomu, akaweka PIN kwenye simu, tukangoja. Kaduara kakazunguka. Kakazunguka tena. Mara ukurasa wote ukawa mweupe: juu 504 na maneno ya Kiingereza, kisha mstari, kisha kajina kadogo, nginx.

Akavaa miwani.

"Nyathina, mwanangu, pesa imeenda?"

"Mama, hapo seva moja imeingoja nyingine mpaka ikachoka."

"Mimi nimeuliza pesa."

Nikanyamaza. Simu yake nayo ilikuwa kimya, hakuna ujumbe. Akaweka kidole chini ya kile kijina. "Ni huyu amechukua?"

Nginx ni programu ya seva, kazi ya Mrusi Igor Sysoev, ilitoka 2004. Ningemwelezea nini? Programu imejitambulisha, pesa ya mtu haikuitaja. Na ile 504 haikudanganya, hilo ndilo huniudhi. Seva ya mbele, inayoonyesha ukurasa, haikujua kweli kama ile ya nyuma, inayoshughulikia malipo, iliyapokea. Ila wenye tovuti wangeweza kuweka pale maneno mawili matatu: usilipe tena, ngoja ujumbe, ukikosa piga namba hii.

Yeye alitaka kulipa tena. Nikamsihi angoje. Akakaa kwenye benchi akipigia jamaa zake wote kuwaambia ameibiwa na kompyuta. Jioni ujumbe ukaingia, akalipa pesa ya intaneti, akaondoka bila kuniaga.

Siku hizi mimi ndiye naandika jumbe kama hizo. Nimeshaandika "hatujui kama malipo yako yamefika, usilipe tena", nikafuta, nikaandika tena. Ni ukweli mtupu. Lakini yule mama kuambiwa "hatujui" na mashine iliyotoka kumwomba PIN? Nadhani angeondoka na kompyuta yangu.