Vibajia vya mboga vya mwanangu

Kina mama wenzangu mnaohangaika na watoto wanaotema mchicha, jaribuni hii. Leo nimetoka soko la Kirumba na karoti, kipande cha boga na fungu la mchicha. Karoti na boga nikakwaruza, nikakamua maji kwa mkono hadi yakaisha. Hapo msiwe na haraka jamani, maji yakibaki vinasambaratika kwenye kikaango. Mchicha nikakatakata, yai moja, unga wa ngano kiasi cha kushikanisha. Chumvi sikutia. Mafuta kidogo, moto wa wastani.

Bibi yake akasema bila dagaa hicho si chakula, akanyunyizia wa kusaga. Kwa kweli vilinoga! Mtoto kala viwili kwa mkono wake mwenyewe, cha tatu kampa paka.