Chumba cha bure, mezani unalipa
Nimegawa karata kwenye kasino miaka sita sasa. Kasino jirani walipoanza kutoa vyumba na chakula bure, bosi wetu akajibu kwa kadi za pointi na muziki kila Ijumaa. Watu wakajaa, mapato yakapanda. Ila gharama ilirudi mezani: blakijeki, mchezo wa karata wa kusaka 21, ambapo 21 ya karata mbili za kwanza ilikuwa ikilipa 3 kwa 2, ikawa 6 kwa 5. Mzee mmoja aliweka 100, akapata ree na kumi, nikamsogezea faida ya 120 badala ya 150. Akazitazama zile chipu, akanitazama mimi. Niliumia sana. Jamani, someni maandishi ya kwenye kitambaa cha meza kwanza. Ruleti nayo, lile gurudumu la namba, ihesabuni sifuri: yenye moja inamla mchezaji wastani wa asilimia 2.7 ya dau lake, yenye mbili 5.26.